Kushuka Ngazi Kinyumenyume

Jumatatu, Sheffield, kabla hakujapambazuka,
nashuka ngazi kinyumenyume kama fundi wa paa,
mkono ukutani, meno nimeyauma.

Jana nilikimbia vilima, maili kumi na moja,
nikafika, nikajitupa ndani ya gari la Hafswa,
nikakaa kitako saa nzima,
jasho likinipolea mgongoni.
Leo mapaja ni mbao.
Mashavu ya miguu yamekunja ngumi.

Rauhiya ananitazama toka chini, kijiko mdomoni:
“Mama, umezeeka usiku?”

Sijazeeka. Nimekosa adabu.
Mwili uliotoka mbioni ni mgeni:
haufungiwi mlango usoni,
husindikizwa.

Basi Jumapili ya pili sikuketi.
Nilitembea, mdogo mdogo, hadi maktaba iliyofungwa,
nikabandika viganja kwenye matofali ya baridi,
mguu mmoja nyuma, kisigino chini,
nikahesabu hadi thelathini kwa Kiswahili,
kila namba ikitoka na moshi wake.

Mzee mwenye mbwa akasimama:
“Hausogei huo, mpenzi. Nimeuona tangu utotoni.”

Nikacheka, nikapoteza hesabu, nikaanza tena moja.
Kwetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi ufa ninao, na ukuta nausukuma.

Usiku, maji ya moto, kisha vidole gumba
vikitafuta fundo chini ya goti,
lile sugu, lisilopenda kuitwa.

Jumatatu nikashuka uso mbele.
Kwenye ngazi ya nne goti la kushoto likanung’unika.
Nikaliambia: nimesikia.