Robo ya Upepo

Kiungulia ndicho kilichonipeleka kwa Ammini,
tabibu wa miti shamba nyuma ya stesheni ya Shoranur,
mwezi wa Karkidakam, mvua ikitwanga mabati kama inayadai.
Nilitaka unga, kidonge, chochote cha kumeza niondoke.
Akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wangu,
akanyamaza muda wa treni mbili za mizigo kupita.
Kisha akauliza: "Unakula ukielekea wapi?"

Nikacheka. Naelekea kwenye karo la vyombo.

Miaka thelathini na minne katika chumba cha ishara
nimekula kwa ratiba: tonge, kengele;
tonge, bendera ya kijani;
mchuzi wa ukwaju umeshapoa, simu inalia.
Nikastaafu. Tumbo halikustaafu.
Bado nasimama dirishani, sufuria mkononi,
saa nne za usiku, wali wa jana na mtindi baridi,
nikiiwahi treni ambayo hainihusu.

"Tumboni mna jiko," alisema Ammini. "Wewe
unalirundikia magogo mabichi usiku wa manane,
halafu unalalamikia moshi."

Akaandika kwa penseli nyuma ya bahasha:
Kula jua likiwa utosini.
Usile juu ya chakula ambacho bado kiko safarini.
Mtindi usiku, hapana.
Uji wa mchele mwekundu na uwatu, mwezi huu mzima.
Keti. (Hilo alilipigia mstari mara mbili.)
Nusu ya tumbo chakula, robo maji,
robo iliyobaki usiweke kitu. "Ya upepo hiyo."
Na kabla ya yote, kipande cha tangawizi
chenye punje za chumvi.

Penseli yake ikaendelea. Mimi nikabaki hapo.

Kwani Thankamani, mchana niliposhinda nyumbani,
aliweka pembeni mwa jani la mgomba
tangawizi nyembamba kama ukucha, chumvi juu yake,
nami niliisukuma kwa kidole
kama kokoto iliyoponyoka ungo.
Hakunigombeza. Aliiokota, akaila yeye.
Nilidhani ni ubahili.

Sikumwambia tabibu. Nililipa, nikasahau mwavuli.

Leo nimekata jani nyuma ya nyumba, nimelipangusa.
Nimeketi sakafuni, magoti yakilia kama bawaba.
Tangawizi imeniuma ulimi, mate yakaja mbio
kama watoto walioitwa kwa majina yao.
Uji, choroko, samli kijiko kimoja,
na karela niliyoichukia tangu utoto; nimeitafuna
mpaka uchungu wake ukaanza kusema jambo jingine.
Saa saba na dakika tano treni ya Nilambur ikapiga honi.
Mguu ukashtuka. Nikauwekea mkono.

Nimeacha kabla ya kushiba.
Ni kazi kuliko kufunga:
uji bado umo chunguni, na mkono unaijua njia.
Lakini ile robo nimeihisi, chini ya mbavu,
chumba kidogo kilichofagiwa,
hamna mtu, mlango haukufungwa.

Kiungulia hakijaondoka. Ammini alisema siku arobaini;
hii ni ya tatu.

Siku ya matanga yake nililikunja jani kwenda mbele,
kama wafanyavyo wafiwa.
Leo nimelivuta, nikalikunja kuja kwangu.