Pengo la Besi

Jumamosi saa kumi. Ukungu umeimeza Tukuyu
hata ng'ambo ya barabara haionekani.
Mezani nina flashi tisa,
moja imekuja ndani ya bahasha ya dawa.
Nina chai ya tangawizi na daftari la kupimia:
sauti, ujumbe, vyombo, ubunifu. Kila kimoja kumi.
Mwaka wa sita huu nimekalia kiti hiki
nikiwapa alama watu wanaomwimbia Mungu.
Mama hapendi. Husema,
"Nawe zako anazijumlisha nani?"

Wa kwanza katoka Mbeya mjini, kijana Gwamaka.
Sauti kaipitisha kwenye mashine mpaka imekuwa bati jipya:
inang'aa, inateleza, tone halikai.
Adui zake wataisoma namba, anaimba, beti nne nzima;
Yesu anaingia dakika ya tatu
kama mgeni aliyekosea harusi.
Ujumbe, tatu. Vyombo, nane,
maana gitaa lile, jamani,
limeokoka kuliko mwenye nalo.

Atuganile wa Uyole, nyimbo sita,
zote zinaanza na kinanda kilekile cha kulia kama birika.
Namwambia hewani, kwa upole:
shauku ipo, dada, pumzi hamna.
Usikikimbilie kibwagizo
kama mtu anayewahi maziwa jikoni.

Wanaume wa Makete wameimba Kikinga.
Sikuambulia neno ila jina la Yesu.
Nimewarudia mara tatu.

Ya saba, Kwaya ya Isongole.
Hawa tunajuana.
Mwaka juzi, hapahapa, nilisema
besi yao inaburuta kama trekta lenye lumbesa za viazi
kwenye mlima wa Kiwira.
Watu walicheka. Lusajo wa mitambo alicheka hadi akamwaga chai.
Sokoni wiki nzima niliitwa Mama Trekta,
nami, nisiseme uongo, nilivimba kichwa.
Besi yenyewe ilikuwa mtu mmoja,
Ambokile, mpasua mbao, kifua kama pipa.
Nasikia alicheka pia.
Nasikia tangu siku ile akawa anasimama mstari wa nyuma,
mbali na kipaza sauti.

Nachomeka flashi.
Soprano wanaingia, safi, maji ya asubuhi.
Alto. Tena.
Halafu pale chini, pa kukanyagia,
hapana kitu.
Kijana yeyote wa studio angepaziba kwa kinanda.
Hawakupaziba. Mpiga kinanda mwenyewe
mkono wa kushoto kauweka mapajani;
simwoni, ila nasikia.
Na ubeti wa pili, panapoulizwa
"Nani aliyekushika?"
na besi hujibu peke yake,
kwaya nzima inanyamaza, inamngoja.
Mtu anakohoa. Benchi linalia.
Mapigo manne.

Redioni kimya ni dhambi.
Kabla ya pigo la tatu Lusajo keshainuka, anatikisa waya,
simu zinawaka: "Mmekatika huko?"
Namwonyesha kiganja: acha.

Wimbo umekwisha, kalamu iko kwenye safu ya sauti
na wino unatengeneza doa.
Naichukua bahasha, niandike walau jina la kwaya.
Mgongoni, mwandiko wa nesi:
Ambokile M. Viwili, kutwa mara tatu.
Naiinamisha.
Vinadondoka vidonge saba,
vyeupe, kimoja kinabingirika hadi chini ya kikombe.

Lusajo anahesabu kwa vidole: tatu, mbili, moja.
Taa nyekundu.
"Wimbo wa nane," nasema, "unatoka Njombe,"
na sauti yangu inaburuta,
inapanda Kiwira na mzigo wote.