Saa Nne Kasorobo

Kabla hata viatu vyake havijasikika
harufu ya Mama Sechelela imeshapanda ngazi:
iliki, nazi, mafuta yaliyochoka kidogo.
Ndoo nyeupe yenye mfuniko wa buluu
inatua mezani pangu, juu ya jalada la uhamisho wa walimu,
kana kwamba masijala hii ilijengwa kwa ajili ya vitumbua.

"Viwili tu, Ndahani. Viwili havimuui mtu."

Sijibu. Nahesabu.
Jana viwili. Juzi vinne, maana juzi wakaguzi walikuja.
Na soda, kwa sababu Juni hapa Mtumba
upepo unakausha midomo mpaka inapasuka,
na mwaka wa fedha unafungwa kwa kishindo
na kila mtu anataka faili lake lipatikane jana.

Kule Makole muuguzi alinitoboa kidole,
akatazama namba, akanitazama mimi.
"Unafanya kazi ya kukaa?"
Ndiyo, nikasema, ya kukaa na kutafuta.
"Basi tafuta na mboga," akasema,
akaita mwingine.

Wanasema mwenye njaa hana miiko.
Lakini njaa naijua. Nimekulia Mvumi,
naukumbuka mwaka mvua ilipokatika Januari
mtama ukiwa urefu wa goti.
Njaa haina harufu ya iliki.
Hiki kinachonikuna kooni saa nne kasorobo
ni mazoea, na usingizi nisioulala,
na neno HARAKA kwa wino mwekundu
kwenye kona ya kila barua.

Kwa hiyo usiku, kule Nkuhungu, nasonga ugali wa uwele.
Dada yangu Mbeleje ameniletea mlenda mkavu
umefungwa kwenye gazeti la mwaka juzi;
naupika na karanga, nyanya moja, chumvi ya kuhesabu.
Zabibu zingenisaidia mchana, lakini zabibu ni za Machi.
Naweka kila kitu kwenye hotpoti
na asubuhi naibeba kama mtu aliyebeba siri ya serikali.

Siku ya kwanza walicheka.
Lugano wa uhasibu alisimama mlangoni:
"Mzee, unakula gundi ya kubandikia bahasha?"
Nikacheka naye. Uzi wa mlenda ukavutika
toka kwenye tonge mpaka kidevuni,
ukakatika juu ya fomu ya mwalimu mmoja wa Kongwa.
Niliifuta. Alama ipo mpaka leo.

Nilidhani nimeshinda.

Alhamisi tukakesha na bajeti.
Saa sita usiku kikaja kisahani cha halfkeki
kilichobaki kwenye kikao cha wakubwa.
Nilikula sita, nimesimama kwenye korido,
taa inawaka na kuzima, makombo kwenye tai,
na sikuonja hata moja.

Ijumaa, saa nne kasorobo, ndoo ikatua.
Nikafungua pochi kabla hajasema.
Siku ikishaharibika, nikamwambia, acha iharibike.
Yeye akavuta kiti, jambo asilolifanya,
akatoa kwenye kapu chupa ya chai:
uji wa uwele, mzito, hauna sukari.
Akanywa taratibu, kikombe kimoja, cha pili.

Wewe huli vitumbua vyako?

"Mimi?" Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga.
"Baba yangu, nikila mtaji nitauza nini?
Halafu hivi navikaanga tangu saa kumi alfajiri.
Navijua."

Akaniuzia kimoja. Alikataa kuniuzia cha pili.
Nilikila nimekaa, bila faili mbele yangu,
kikanichukua dakika saba,
na kwa mara ya kwanza tangu nihamie mji huu
nikaisikia nazi.

Saa saba nikafungua hotpoti.
Lugano akapita, akarudi, akasimama.
"Hebu nionje hiyo gundi," akasema, akanawa mikono.
Simu ikaanza kulia. Ilikuwa HARAKA.
Tukaitazama wote wawili,
vidole vyetu vimefungwa kwa uzi mmoja wa kijani,
ikalia mpaka ikachoka.