Laiti ya Darini

Mundhiri kaja kwa mbio, karatasi mkononi,
Kaletewa jaribio, la vina vya Kizunguni,
“Bibi, nipe masikio, yanafanana mwishoni,”
Nikaizima redio, nikasogea mezani.

Usiku kwao naiti, tiara kwao kaiti,
Kupigana ni faiti, na sahihi ni raiti,
Kung'ata wao baiti, nami nilidhani beti,
Mwanga husema laiti! Nikashikilia kiti.

Laiti ninaijua, ni neno la mama yangu,
“Laiti tungechukua, ile cherehani yangu,”
Kasema akiugua, melini, kizunguzungu,
Akafa hajaitua, laiti ile, mwanangu.

Mtoto hakunijibu, swichi akaibonyeza,
Taa ya sebule Sibu, ikamulika na meza,
“Hii laiti, si taabu, Bibi, hulii, wacheza!”
Nikacheka kwa aibu, miwani ikiteleza.

Baba yake akapita, simu ikiwa begani,
Baiti akaikuta, akasema, “Ni nyumbani,”
Watatu tukalivuta, neno moja midomoni,
Na mwana akatukata: “Meno, ni meno, jamani!”

Akaja na “si” bahari, na “si” tena ya kuona,
Nikamwambia Mundhiri, “si” yetu ndiyo hapana,
Kalamu yake hodari, zote tatu kazibana,
Mwalimu akihariri, atapata shida sana.

Usiku kaja chumbani, shuka akanifunika,
Kauliza mlangoni, “Laiti itazimika?”
Nikamjibu, “Ya darini, hiyo zima bila shaka.”
Akazima. Sikioni, cherehani yazunguka.