Simu Ndani ya Sauna

Kilomita kumi na nne kutoka Võru, theluji mpaka magotini,
nikabisha hodi na sanduku kwapani.
Ilikuwa simu yangu ya tisa wiki ile.
Ofisi ya Tartu imefunga ghorofa yake ya pili,
imewaambia washauri wa madeni: kazini ni kwenu sasa;
na mimi, Kaupo, fundi, nimepewa orodha
na gari lisilopasha joto.

Urve akanifungulia, soksi za sufi, hedifoni shingoni.
Chumba cha kazi kilikuwa cha mwanawe aliyehamia Helsinki:
mabango ya magari, dawati la mtoto
ambalo magoti yake hayaingii chini yake.

Nikachomeka waya. Taa ya ruta ikapepesa, ikatulia.
Nikafuta nywila iliyotoka nayo kiwandani
(moja, mbili, tatu, nne, nini tena),
nikaziba milango isiyo na mgeni,
nikachimba handaki kutoka dawati lile hadi seva ya Tartu.
"Na sauti yangu," akauliza, "huko njiani inakuwaje?"
Inakatwakatwa, nikamwambia, kila kipande na kufuli lake.
Mwizi akiidaka atasikia mvua juu ya bati.
Funika kombe, mwanaharamu apite.

Tukajaribu. Nikapiga kutoka garini,
naye akasoma jina la uwongo, deni la uwongo:
"Bwana Heldur, euro elfu tatu, mashine ya kufulia na meno."
Sauti ikaja safi kama glasi iliyosuuzwa.
Nikarudi ndani na karatasi ya kutia sahihi.

Jikoni mama mkwe wake, Leida, alikuwa akimenya viazi.
Hakuinua macho.
"Huyo Heldur, meno kwa mkopo?
Si afadhali anywe uji."

Nikasimama na karatasi yangu.
Ukuta ulikuwa mbao, unene wa kidole gumba,
na juu ya jiko bomba la joto lilitoboa kuingia chumba cha pili
likipeleka joto, likirudisha maneno.
"Na yule wa jana, wa Elva, anayelia,
mkewe ameshajua?"
Urve akaiva uso hadi shingoni.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ilikuwa pale, ikimenya viazi.

Mwongozo wangu hauna ukurasa wa hilo.
Nilifikiria magodoro. Nilifikiria redio.
Leida ndiye aliyefuta mikono kwenye aproni.
"Zamani laini yetu ilikuwa ya nyumba sita.
Ukiinua mkono wa simu unasikia mtu anapumua,
na si kila mpumuaji alikuwa jirani.
Tukajifunza kuongea habari za ng'ombe tu."
Akavaa buti. "Twendeni saunani."

Hatua arobaini. Magogo matupu,
harufu ya moshi wa Jumamosi zilizopita.
Nikatoboa gogo kwa keekee, Leida akinishikia tochi,
"kushoto, kushoto, utamuua buibui,"
tukalaza waya chini ya theluji ndani ya mpira wa bustani.
Simu ikakaa chumba cha kuvulia nguo,
kati ya ndoo na matawi makavu ya kujipigia mvukeni.
Taa ya kijani ikawaka.

Saa tisa na robo ikaita, simu ya kweli.
Urve akafunga mlango.
Tukabaki uani, tukimwona dirishani:
mkono unaandika,
mkono unaacha kuandika, unatulia juu ya benchi.
Hatukusikia kitu.
Leida aliendelea kuinamisha kichwa, kwa mazoea.
"Sasa nani ataniambia kama yule wa Elva..."
Hakuimalizia.

Nikatoa karatasi. Palipoandikwa *Mahali*, nikajaza: sauna.
Palipoandikwa *Maelezo*, Leida akanitajia, neno kwa neno:
Jumamosi simu itolewe.
Watu wanaoga.