Miwani ya Atuganile

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mwanjelwa,
kibanda cha tatu nyuma ya soko:
mageti, madirisha, vitanda vya bweni.
Mwanga naujua. Naujua kwa makovu,
hili la kiganjani, lile la shingoni,
na usiku ule niliochomelea bila miwani
nikalala na mchanga machoni,
mke wangu akinibandika vipande vya kiazi kibichi kwenye kope.

Kwa hiyo daktari aliposema,
"Kwanza tutamulika ufizi kwa mwanga,"
nilisimama.

Mwanga gani huo?

"Leza," akasema Daktari Luvanda,
akanionyesha kalamu nene yenye waya mkiani.
"Hafifu. Haukati, hauchomi.
Unautuliza ufizi kabla ya sindano ya ganzi.
Si kwa watoto wote, si kila mara,
lakini wengi hushtuka kidogo tu."

Kidogo tu. Nikaipenda lugha hiyo.
Kwetu Tukuyu mtu anayeahidi kidogo
ndiye anayekopeshwa mbegu.

"Leza," akauliza Atuganile, mkono shavuni,
"kama Mlima Loleza?"
Daktari akachungulia dirishani; ukungu wa Juni
ulikuwa umeumeza mlima wote, hata mabega.
"Jamaa yake," akasema. "Mdogo wa mwisho."

Ana miaka saba na jino lililooza hadi mzizini.
Wiki tatu anatafunia upande mmoja,
usiku analia polepole asituamshe,
nasi tuko macho, tunajifanya tumelala.

Mwaka jana, kwingine, alishikwa na watu wanne.
Wa nne nilikuwa mimi. Nilishika miguu.
Sindano ilipoingia alirusha teke,
kiatu kimoja kikabaki mkononi mwangu.
Tangu hapo akiona koti jeupe,
hata la muuza nyama,
hukimbilia nyuma ya suruali yangu,
suruali ya yule yule aliyemshika.

Wakamvisha miwani.
Ya kijani, ya ukanda, pana kuliko uso.
Akajitazama kwenye kioo kidogo cha daktari,
kisha akanigeukia:
"Baba, mimi fundi."

Kalamu ikaingia mdomoni.
Shavu likawaka jekundu kwa ndani
kama tochi iliyofumbatwa kiganjani usiku umeme ukikatika.
Nilimhesabia kwa sauti, maana mdomo wake ulikuwa kazini;
nilipofika thelathini na kitu nikapotea,
akanyoosha vidole kunisahihisha.

Moshi hakuna. Harufu hakuna.
Nilinusa hata hivyo, kwa mazoea.

Halafu sindano.

Macho yangu yakaenda miguuni.
Kidole gumba cha kulia kikajikunja ndani ya soksi,
kikakaa,
kikajikunjua.
Basi.

Wakampa karatasi ya nyuso sita,
kutoka unaocheka hadi unaobubujika machozi.
"Uliumia kama nani?"
Akauruka unaocheka. Hakutaka kumfurahisha mtu.
Akagusa wa pili, akafikiri, akasogea,
kidole kikakaa mpakani mwa wa pili na wa tatu.
"Kama siafu," akasema.
"Siafu mmoja. Si wengi."

Jino likatoka, likaviringishwa kwenye pamba.
Nilitaka kumwambia neno kuhusu kile kiatu.
Nikasema, "Vaa sweta."

Yeye ndiye aliyekuwa na la kusema,
mdomo umelegea kwa ganzi, maneno yakimteleza:
"Baba naye ana jino bovu.
Anaweka karafuu. Anasema haliumi."

Daktari akanitazama.
Nesi akanitazama.
Mimi, ninayetazamana na moto tangu miaka kumi na sita,
nikaanza kusoma bango la kupiga mswaki
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Atuganile alikuwa ameshavua miwani.
Akaninyooshea, kwa mikono miwili.
Ukanda ulikuwa bado una joto la kichwa chake.