Muda wa Kasia

Kwetu Kibirizi, kizingiti cha mlango wa nyuma
si cha mninga. Ni ubao mwepesi, wa mti mgeni,
una misumari minne ya shaba iliyoota kutu ya kijani,
na kila mgeni hujikwaa hapo.
Ni kiatu cha eropleni, tunamwambia.
Naye hucheka.

Ilitokea upande wa Kongo, ukungu bado umelalia Bangwe,
ikikoroma kama mwenye pumu anayepanda mlima.
Jana yake ilikuwa imepita:
iliangusha moto bandarini, ikaikosa meli ya Wadachi,
ikampata Almasi, mdogo wake Feruzi,
amebeba gunia la mtama la watu.
Gunia lilipona.

Siku ya pili haikuangusha kitu. Ilijiangusha.
Injini ilikohoa, ikakohoa, ikanyamaza,
ikashuka taratibu ikae majini kama bata,
lakini upepo wa Lukuga ulikuwa umeamka mapema.
Wimbi la kwanza likaikunja bawa,
la pili likaing'oa kiatu,
la tatu hakuna aliyelihesabu.

Boma likatangaza: rupia tatu kwa kila kipande.
Kwa mtu, halikutaja bei.

Feruzi bin Songoro alikuwa ziwani tayari,
wavu wake mkavu, macho hayajalala.
Alimkuta kijana amekumbatia kiatu,
nywele rangi ya ndevu za mahindi,
mkono mmoja umevimba kama muhogo uliolowekwa.
Kijana akasema neno.
Labda jina la mtu. Labda tusi.

Feruzi akalaza kasia magotini.

Hapa ndipo ukoo wetu unapogawanyika.
Bi Tausi alisema: muda wa kumeza mate.
Shangazi Nyabenda: muda wa kuivisha kisamvu,
tena kisamvu cha mpishi asiye na haraka.
Baba hakusema. Hadithi ikifika hapo
aliinuka kwenda kutazama mbuzi,
hata miaka ile ambayo hatukuwa na mbuzi.

Mimi nimejaribu. Nilizima mashine ya boti palepale,
nikalaza kasia magotini,
nikataja jina la Almasi polepole, mara arobaini.
Nilipoinua macho, maji yalikuwa yamenipeleka Katonga.

Kisha alinyoosha kasia. Hilo halina ubishi,
kasia lilinyooshwa.
Kama ng'ambo yake palikuwa na mkono bado,
au kiatu peke yake kikigongagonga mtumbwi,
usiniulize mimi.

Kiatu hakikufika bomani.
Rupia tatu, nyumba ile yenye matanga,
na hakikufika bomani.
Alikipasua mwenyewe, ubao mmoja akauweka mlangoni,
na tangu usiku ule, akirudi kutoka ziwani,
alirefusha hatua asiukanyage.

Nasi twauruka vivyo hivyo.
Hata huyu mdogo aliyeanza kutembea juzi:
amefika pale, akasita,
akainua mguu juu kupita kiasi.
Hakuna aliyemfundisha.